Ukialikwa Kusafisha Mto Nairobi

Vaa gambuti kuukuu. Zile mpya zimewekewa waheshimiwa, na bei bado imebandikwa kwenye soli. Ukiona gambuti zinazong'aa zikishuka ukingoni, zifuate: kamera ziko hapo hapo, nawe utaonekana kwenye taarifa ya saa moja ukiwa umeshika reki.

Harufu isikushangaze. Jina Nairobi ni la Wamaasai, kwa maana ya maji baridi. Aliyelitoa hakupitia soko la Gikomba. Mto huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, na kabla ya kufika Dandora umekwisha kupokea mabomba yasiyo na mwenyewe.

Utaambiwa kwamba safari hii mambo ni tofauti. Itikia kwa kichwa. John Michuki, yule yule aliyetufunga mikanda kwenye matatu, aliushughulikia mto huu alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, na bustani iliyo karibu na mzunguko wa Globe ina jina lake. Huyo simkejeli, alijaribu. Desemba 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Machi 2025 Rais William Ruto akazindua mpango wa kuuhuisha mto. Hema lilikodiwa kila mara.

Sasa sikiliza hotuba kwa makini. Itataja chupa za plastiki na wakazi wa mabondeni. Chupa huokotwa asubuhi, zikapigwa picha adhuhuri. Kinyesi hakina picha nzuri, tena hakitoki mabandani tu. Maghorofa nayo huachilia cha kwao usiku, mvua ikinyesha. Bomba la maji taka hudai bajeti na miaka ya kuchimba, na likishafukiwa hakuna utepe wa kukata. Tingatinga ni rahisi zaidi: baada ya mafuriko ya 2024 zilifika Mathare zikihesabu mita 30 kutoka ukingoni na kubomoa nyumba.

Ukitaka usialikwe tena, nyoosha kidole kwenye bomba lolote uulize, "Mheshimiwa, hili mbona halielekei Ruai?" Ruai ndiko kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya jiji. Utajibiwa kwamba wataalamu wanalishughulikia, na soda zitaanza kugawiwa.

Kunywa, uende zako. Maji yale nayo yanakwenda: yataingia Mto Athi, yaitwe Galana, kisha Sabaki, yamwagike baharini kaskazini mwa Malindi. Njia nzima hiyo kuna watu wanaochota, na hema halijafika huko.