Sifa za Jarida Lisilokataa Makala

Mnazi umeshasifiwa, jahazi limesifiwa, na bibi harusi husifiwa kila Jumamosi. Lakini yupo mtumishi mmoja wa wasomi ambaye hadi leo hajatungiwa hata kibwagizo, naye ni jarida la kitapeli la kitaaluma. Mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, Jeffrey Beall, aliyaita majarida ya aina hii mawindaji, akayaanika majina yake kwenye orodha iliyodumu mtandaoni mpaka Januari 2017 alipoiondoa. Mimi nasema aliyaonea. Mwindaji humfuata mnyama anayemkimbia, ilhali huku mnyama mwenyewe anakuja na risiti ya benki mkononi.

Tuanze na adabu. Jarida hili hukuandikia lenyewe, halingoji uanze wewe. Linamwita mhadhiri msaidizi “Profesa Mtukufu”. Linasema limeisoma kwa furaha kubwa makala yake yenye kichwa fulani, na hicho kichwa kimebandikwa kwa mwandiko mkubwa zaidi, wa rangi ya samawati, hivyo unaona kabisa kwamba barua iliandaliwa kwa watu elfu moja na wewe ukaachiwa nafasi yako. Kisha mtaalamu huyo wa fasihi simulizi, aliyeandika kuhusu nyimbo za jandoni, anaombwa atoe mchango wake adhimu katika toleo maalumu la upasuaji wa macho. Ni konda wa daladala huyu: anakuita mkubwa, anakupokea na furushi, ila hajauliza unakwenda wapi. Mnacheka, lakini nitajieni jarida gani la heshima lililowahi kumwomba mtu huyo chochote.

Sasa tazama jeuri ya hayo ya heshima. Kabla hujamaliza salamu umekabidhiwa kurasa za masharti. Maneno yasizidi elfu nane. Ikisiri iwe fupi, marejeo yafuate mtindo huu wala si ule, koma ikae hapa na nukta pale. Futa jina lako kila mahali, hata ulipoitaja kazi yako mwenyewe. Thibitisha kwamba mswada hauko mezani kwa jarida jingine. Ukiupeleka kwa mawili kwa mpigo umevunja miiko, ingawa wao wanaweza kuukalia mwaka mzima bila kuvunja chochote. Sema nani alifadhili utafiti. Sema kila mwandishi alifanya nini hasa, swali la fedheha kwa mkuu wa idara ambaye mchango wake wote ulikuwa kuwa mkuu wa idara. Na kama uliwatoa watu damu, au uliwauliza tu kuhusu maradhi yao, lete namba ya kibali cha maadili na ueleze waliridhia vipi. Baada ya miezi unapokea barua mbili. Mhakiki wa kwanza anataka ufupishe, wa pili anataka urefushe.

Jarida letu halina makuu hayo. Kibali cha maadili halijakiuliza. Mwandishi wa tatu ni shemeji yako? Karibu shemeji. Mswada huohuo ulishatoka kwingine ukiwa na kichwa kingine? Hilo ni jambo la kati yako na Mola wako.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka kwa kuwa hawakuwahi kusubiri uhakiki wa makala. Mwaka 2014 msomi mmoja wa Australia, Peter Vamplew, alichoshwa na mialiko ya jarida la teknolojia ya kompyuta liitwalo International Journal of Advanced Computer Technology. Akalitumia kitu kilichoandikwa mwaka 2005 na wasomi wawili wa Marekani, David Mazières na Eddie Kohler: makala kamili, yenye vichwa vidogo na michoro, ambayo tangu mwanzo hadi mwisho inarudia sentensi moja tu ya kuomba kuondolewa kwenye orodha ya barua pepe, na katikati ya sentensi hiyo pana tusi la nguoni. Alitumaini mhariri ataisoma na kumwondoa. Badala yake alijibiwa kwamba mhakiki ameipa makala alama ya juu kabisa. Kasoro zilikuwa ndogo: aongeze marejeo ya karibuni, arekebishe mpangilio kidogo, atume na dola 150. Vamplew hakulipa. Mialiko nayo haikukoma, maana jarida hili halina kinyongo.

Ukarimu wa majarida haya ulikuwa umeshapimwa kwa mizani mwaka mmoja nyuma. John Bohannon, mwandishi wa habari wa jarida la Science, alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali iliyotolewa kwenye viumbe vinavyogandama juu ya mawe na magome ya miti, eti inazuia seli za saratani zisikue. Waandishi nao aliwabuni, majina na vyuo vyao vyote vikiwa vya Kiafrika. Mmoja aliitwa Ocorrafoo Cobange, wa taasisi ya tiba ya Asmara ambayo haipo. (Kwa nini utapeli wa kupima watapeli ulivalishwa sura yetu, tuliache kwa leo, japo nimelisikia.) Makosa aliyapanda makusudi, na si ya kufichika. Seli zilizotiwa dawa zilitiwa pamoja na kileo kingi, na zile za kulinganishia hazikuonjeshwa hata tone. Kwa hiyo kama kuna kilichoziua, huenda ni pombe. Mhakiki yeyote aliyepita maabara ya kidato cha sita angeliona hilo kabla chai haijapoa.

Alipeleka nakala kwa majarida 304. Yaliyokubali yalikuwa 157, yaliyokataa 98, na mengine ama yalishafunga duka ama yalikuwa bado yanafikiri. Miongoni mwa yaliyokubali yalikuwamo ya nyumba kubwa na tajiri za uchapishaji kama Elsevier na Sage, kwa hiyo ukarimu huu hauna tabaka. Aibu ilikuwa kwa majarida ya namna ya PLOS ONE, ambalo lilianza kwa kuuliza maswali ya maadili, likaisoma kweli makala, kisha likaikataa.

Watu husema jarida letu ni ghali. Ghali kwa kulinganisha na nini? Novemba 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza kwamba mwandishi atakayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu katika jarida hilo atalipa euro 9,500. Mhadhiri wa Morogoro au Eldoret na apige hesabu ya miezi ya mshahara, kisha aseme nani anamwonea huruma. Kosa la jarida letu ni kusahau kidogo kuitaja ada mpaka makala iwe imekubaliwa. Hilo ndilo lililoifikisha kampuni ya OMICS ya Hyderabad mbele ya sheria. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki mwaka 2016, na Machi 2019 jaji akaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50: ilificha ada, ilijitapa kwa uhakiki ambao kwa sehemu kubwa haukufanyika, iliwataja kuwa wahariri wasomi ambao hawakuwa wamekubali, na mwandishi aliyetaka kuiondoa makala yake ilimzuia. Hili la mwisho mimi nalihesabu kuwa ni mapenzi.

Lakini mapenzi yote hayo yangekosa wa kuyapokea kama si kamati za kupandisha vyeo. Hapa ndipo jarida letu linapostahili sifa kubwa, kwa sababu ndilo pekee lililoielewa kamati kuliko kamati inavyojielewa. Mezani pana jedwali: jina la makala, jina la jarida, mwaka, pointi. Hakuna safu ya kusema nani ameisoma, wala makala yenyewe haiko chumbani. Jina la jarida likianza na neno la Kiingereza lenye maana ya kimataifa, mambo yamekwisha. Aliyeandika makala moja kwa miaka mitatu, akarudi kijijini mara ya pili kwa sababu mhakiki alitilia shaka majibu ya wazee, anaambiwa ajaribu tena mwakani. Mwenye saba zilizotoka kwa miezi miwili anapongezwa kwa juhudi. Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza mwaka 2014 kwamba mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida yenye uhakiki. Sharti zuri. Lakini ada ya muhula ujao inakaribia, jarida la heshima halijajibu tangu masika, na kwenye kisanduku cha barua kuna anayekuita Profesa Mtukufu.

Asije mtu akadhani wateja ni sisi peke yetu. Mwaka 2017 David Moher na wenzake walichapisha katika Nature uchunguzi wa makala zaidi ya 1,900 za majarida haya. Waandishi wa India waliongoza kwa asilimia 27, wakifuatwa na wa Marekani kwa asilimia 15; na katika makala zilizomtaja mfadhili, aliyetajwa mara nyingi zaidi ni Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Ndani ya makala hizo mlikuwa na taarifa za watu zaidi ya milioni mbili na wanyama zaidi ya 8,000. Zilizotaja kibali cha maadili zilikuwa asilimia 40 tu. Watu hao walinyoosha mkono wapimwe wakiamini kuna daktari mahali fulani atakayesoma matokeo yao. Jarida letu limewapa hifadhi ya milele, mahali ambapo daktari mwangalifu hafiki na mzembe anafika.

Tumalizie kwa mhariri wake, maana nyumba husifiwa kwa mwenyewe. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wakiongozwa na Piotr Sorokowski wa Poland walisimulia jinsi walivyomwombea kazi ya uhariri Dkt. Anna O. Szust, waliyembuni wenyewe, katika majarida 360. Hakuwa amewahi kuchapisha makala hata moja wala kuhariri chochote, vitabu alivyodai kuviandika havikuwapo, na jina lake la ukoo, likisomwa pamoja na hiyo herufi ya katikati, kwa Kipolandi ni mtapeli. Majarida 48 yalimpokea, na manne yakamfanya mhariri mkuu. Jingine lilipendekeza wagawane faida. Baadaye watafiti waliandika kumwondoa kazini, baadhi yakaendelea kumtaja, na lilitokea jarida lililomweka kwenye orodha ya wahariri bila hata kuombwa. Kwetu uhariri wa jarida la kimataifa nao una pointi zake. Mama huyu akileta wasifu wake, sioni kamati itamnyima cheo kwa kigezo gani.