Nasaha kwa Waliopotelewa na Picha Majumbani Mwao

Barua zilizotufikia mwezi huu karibu zote ni za jinsi moja, na si za mapenzi wala za mirathi, ingawa mapenzi na mirathi vimejipenyeza humo kama ilivyo ada yao. Ni barua za watu wenye kompyuta nyumbani, waliozijaza picha za miaka na mikaka, wakazitia lebo ili zipatikane kwa wepesi, na sasa hawazipati. Tumewajibu kwa kadiri ya ilimu yetu.

*Mheshimiwa Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nafasi ninayo, na kila picha yangu nimeitia lebo zisizopungua kumi. Jana nilitafuta picha ya marehemu kaka yangu tuliyopigwa Raskazone. Nikaandika "bahari", zikaja picha elfu mbili. Nikaandika "furaha", zikaja elfu tatu. Nifanyeje? – Mwenye Bidii, Tanga.*

Mwalimu, bidii yako naistahi, walakini imekwenda kombo. Kazi ya lebo ni kutenga, na lebo inayoifaa kila picha haitengi chochote. Kwa hiyo mtu akaaye Tanga akazitia picha zake lebo ya "bahari" ni kama hakuandika kitu. "Bahari", "mchana", "jua" na "watu" zifute zote leo hii. Tarehe nayo usijisumbue kuiandika, kwa sababu kamera huiandika yenyewe ndani ya picha, pamoja na saa na aina ya kamera, kwa kanuni ya Exif iliyotolewa Japani mwaka 1995 na kufuatwa na watengenezaji wa kamera takriban wote. Nawe, maadamu swali la lini umekwisha kujibiwa, umebakiwa na kuandika nani yumo, ni wapi, na palikuwa na shughuli gani. Kisha utafute kwa lebo mbili kwa pamoja, jina la marehemu na Raskazone. Ama hiyo "furaha", sijapata kuona mtu aliyepigwa picha kisha akajitia mwenyewe lebo ya huzuni.

*Mzee Mshauri, shikamoo. Sisi ni ukoo mkubwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Picha zetu tumezikusanya katika kompyuta moja, na kila ajaye huketi akazitia lebo. Tukimtafuta shangazi yetu mkubwa, hupatikana mara katika picha chache, mara katika nyingi, na mara hapatikani kabisa, ilhali hakuna harusi aliyoikosa. Vijana wanasema kompyuta ina virusi. – Binti wa Mji wa Kale.*

Marahaba, binti yangu. Kompyuta yenu ni nzima. Kilichougua ni nasaba. Nyinyi mmemwandika Shangazi, wanawe wamemwandika Mama, wajukuu wamemwandika Nyanya, na yule mmoja aliyelelewa Unguja akamwandika Bibi; mumewe naye, kwa staha ya wazee ambao hawamtaji mke kwa jina mbele za watu, akamwandika Mama Fulani, kwa jina la kifungua mimba wao. Wote wamesema kweli, na hapo ndipo balaa lilipo, maana jina la ujamaa ni kweli kinywani mwa anayelitamka tu, na kompyuta haina shangazi. Mbaya zaidi, anayetafuta "Mama" huletewa mama za watu wote, na katika ukoo wenu hao si haba.

Basi kusanyikeni siku moja baada ya alasiri, pawe na kahawa na halua, mwafikiane kwamba kila mtu ataandikwa kwa jina lake na la babake, kama lilivyo katika kitambulisho, hata akiwa ni mtoto mchanga au mzee ambaye jina lake mnaona haya kulitamka. Tahajia nayo mwafikiane, kwa kuwa aliyeandikwa Said hapatikani kwa Saeed, wala wa Mohamed hapatikani kwa Muhammad, na nyumba ambayo nusu yao huandika "harusi" na nusu "arusi" itakuwa na sherehe nusu nusu milele. Mashine hutazama herufi, haitazami nia. Msiogope kwamba itawapasa kufungua picha moja moja kusahihisha. Programu kama digiKam, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, hukuwezesha kubadili jina la lebo mara moja likabadilika katika picha zake zote, na hukuwezesha pia kuzipanga lebo kwa matabaka: Watu, chini yake ukoo, chini ya ukoo mlango, na chini ya mlango mtu mwenyewe.

Kalamu iwe mkononi mwa karani mmoja. Wengine watazame na kushauri, lakini wasiandike. Na msimchague yule hodari wa kompyuta. Mchagueni anayejua nani alimwoa nani, kisha huyo hodari aketi kando yake abonyeze. Mafolda yaacheni yafuate mwaka na mwezi, mathalani 2019-08, yajipange yenyewe kwa utaratibu, kwa maana picha hukaa katika folda moja tu ilhali lebo huweza kubeba nyingi; na kwa njia hiyo ule ugomvi wenu, ambao hukuutaja lakini nina hakika upo, wa picha za harusi kuwekwa upande wa bwana au upande wa bibi, utakuwa umekwisha.

*Bwana Mshauri, kompyuta yangu imejifunza kutambua nyuso. Juzi, nimeketi na wake zangu wote wawili, iliweka uso wa mkubwa kando ya uso wa mdogo, ikauliza kama huyu na huyu ni mtu mmoja. – Mume Mwadilifu, Bagamoyo.*

Bonyeza "Hapana", na ubonyeze upesi. Mashine hiyo hulinganisha vipimo vya sura, na hukosea zaidi kwa ndugu, kwa watoto na kwa picha zilizopigwa gizani, kwa hiyo huenda ikakuuliza tena. Kazi ya kuthibitisha nyuso ifanye usiku, peke yako.

*Ndugu Mshauri, marehemu bibi alituachia picha za Unguja, nyingine zina muhuri wa Capital Art Studio nyuma. Niliziskani, nikazitia majina jioni baada ya jioni. Kompyuta ilipokufa nilizitoa nakala zake katika diski ya nje nikazihamishia katika mpya: picha zipo, majina hayapo. Na harusi ya bibi inaonyesha ilifungwa mwaka 2014. – Mjukuu, Maskati.*

Pole sana. Bibi yako aliandika nyuma ya picha, na studio hiyo, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga muhuri pale pale, hata picha zikavuka bahari pamoja na habari zake. Programu nyingi hazifanyi hivyo: huandika lebo katika daftari lao lililofichwa pembeni mwa kompyuta, na picha yenyewe haziigusi. Picasa, ambayo Google iliinunua mwaka 2004 na kuiacha mwaka 2016, ilitia lebo za kawaida ndani ya picha za JPEG, lakini majina ya nyuso iliyaweka nje mpaka mwenyewe aagize vingine. Kompyuta yako usiitupe. Mpelekee fundi, mwambie akutolee daftari la programu, aghalabu diski huwa nzima ilhali mengine yamekufa. Kuanzia sasa, ingia katika mipangilio uiamuru programu iandike lebo ndani ya picha, kwa kanuni ya IPTC au XMP. Kisha ujaribu: tia jina picha moja, ihamishie kompyuta nyingine, ifungue kwa programu nyingine, jina lisipoonekana, usiitie jina hata ya pili.

Mwaka 2014 ni wa skana, si wa bibi. Irekebishe tarehe kwa makisio, na uongeze lebo ya "miaka ya 1950", au yoyote iliyo ya kweli, ili ijulikane kuwa umekisia. Skani na upande wa nyuma. Na ukiwapelekea jamaa wa Unguja kwa WhatsApp, zitume kama waraka, kwa sababu zikitumwa kama picha hupokonywa maandishi ya ndani.

Wasomaji waliotuletea picha ili tuwatajie waliomo, tunawasihi wasifanye hivyo tena. Sisi hatuwajui, na anayewajua yumo nyumbani mwenu. Muulizeni wiki hii.