Sifa za Ping, Programu Isiyotengeneza Kitu

Wengine wasifu magavana na waimbaji wa Kinshasa. Mimi naisifu ping. Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara ya jeshi la nchi yake, na mpaka leo haijatengeneza hata waya mmoja. Inabisha hodi kwenye kompyuta nyingine, inahesabu muda wa kuitikiwa, basi. Isipoitikiwa, inasema hivyo hivyo. Ni kitu kilichotoka jeshini ambacho watu wa Eringeti, upande wa Beni, hawana sababu ya kukikimbia.

Rezo ikikatika jioni, kila mtu ana mshitakiwa wake. Baba anashitaki mvua, vijana wanashitaki mnara, mama anamtazama yule aliyeshinda na simu tangu asubuhi. Ping haimshuku mtu. Unaanzia 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yako mwenyewe, nayo huitika kabla milisekunde moja haijaisha. Kutoka Beni hadi Komanda hutapata kasi kama hiyo! Haidai mnara, kifurushi wala kibali cha serikali. Kasoro yake ni kwamba huko ng'ambo hakuna mtu ila wewe.

Kisha bisha kwa ruta. Ikinyamaza, kagua batri na paneli ya sola kabla ya kuwatukana wakubwa wa Kinshasa. Ikiitika, songa hadi 8.8.8.8, kwa Google. Hapo uwe mpole, hasa kama nyumba inategemea setilaiti za kale, zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, mstari ule ule unaopita kusini kidogo ya Butembo. Hodi ipande, ishuke. Jibu nalo lipande, lishuke: hata mwanga huhitaji karibu nusu sekunde. Mteja hapigi kelele kwa mwanga.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo ziliahirishiwa hadi Machi, serikali ilikata intaneti. Wasemaji walitoa sababu. Ping haikutoa hata moja. Ilibisha, ikakosa jibu, ikabisha tena.

Kweli, zipo seva zilizoamriwa zisiitikie hodi ingawa ziko hai, nayo ping haiwezi kuzitofautisha na zilizokufa. Tuisamehe.

Kwa hiyo ukimwita fundi, usimwambie "rezo imekufa". Mwambie umebisha wapi na nani hakuitika. Atajua abebe kifaa gani, kama barabara ya Oicha inapitika.