Namna ya Kumnyima Mwanafunzi Jibu

Kwanza, ficha chaki. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita akiwa na chaki mkononi ataandika tu maana ya uvukizi ubaoni, na mtoto ataikariri mpaka mtihani wa darasa la saba bila kujua kwamba jambo lenyewe hulishika kila akinywa maji kwa bibi yake.

Ukiwa Kirongwe, usingoje maabara. Kijiji hiki cha kisiwa cha Mafia, kaskazini mwa mji wa Kilindoni, kina ufinyanzi wake. Tafuta mitungi miwili inayolingana. Mmoja azima, wa pili nunua, maana utaupaka mafuta ya nazi nje, mara mbili tatu, na hautafaa tena kwa maji ya kunywa. Ongeza ndoo ya plastiki.

Asubuhi jaza vyote maji ya kisima kimoja, kwa kopo lilelile, uviweke kwenye kivuli kimoja penye upepo. Uliza: adhuhuri maji yapi yatakuwa baridi zaidi, na kwa nini? Halafu nyamaza. Hapa ndipo pagumu. Yuko atakayesema udongo wenyewe ni baridi, na atakayesema ni kivuli. Usimsahihishe yeyote, kila mmoja aandike utabiri wake daftarini kabla hajagusa kitu. Watakuzunguka: "Mwalimu, si utuambie tu?" Wajibu: "Nendeni mkaushike mtungi."

Adhuhuri wapime kwa kipimajoto, na kama hakipo, kwa mgongo wa mkono. Mtungi usiopakwa mafuta utakuwa umetoka jasho mpaka kitakoni, na maji yake yamepungua. Aliyesema udongo ni baridi sasa ana kazi: ule wa pili nao ni udongo, mbona haukupoa vile? Mwache ahangaike nalo hata kipindi kiishe.

Sasa toa chaki. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban jouli 2,400, linalotosha kupoza lita moja ya maji kwa zaidi ya nusu nyuzi ya Selsiasi. Mafuta yameziba vitundu vya udongo, jasho likakosa njia.

Rudia jaribio masika. Hewa ikijaa unyevu, jasho la mtungi halikauki upesi na tofauti hupungua. Watadai mtungi umeharibika. Usikubali wala usikatae. Waulize nini kimebadilika tangu siku ile ya kwanza.