Sifa za Takle ya Mwisho

Mashabiki humwimba mfungaji, na makocha humsifu beki anayemaliza mechi jezi ikiwa safi. Anayesahauliwa ni yule anayejitupa chini, mguu mbele, makalio yakilima udongo mwekundu wa viwanja kama vya Lukafu, Katanga, ili kumzuia mshambuliaji aliyebaki na kipa peke yake. Takle hiyo ndiyo tendo la haki kuliko yote uwanjani, kwa kuwa mwenye kuipiga hulipa kwa ngozi yake deni lililokopwa na wenzake: kiungo kapoteza mpira, beki wa pembeni kapanda na hakurudi. Kiangazi udongo huo huchuna paja. Na nyasi bandia za uwanja wa klabu ya TP Mazembe, Kamalondo, Lubumbashi, nazo huchoma. Lakini Lubumbashi haina sababu ya kuyaonea haya makalio yanayogusa ardhi. Makalio ya Robert Kidiaba, kipa aliyeshangilia mabao kwa kuyarusharusha chini, yalitazamwa na dunia nzima Abu Dhabi mwaka 2010, Mazembe ilipoilaza Internacional ya Brazil 2-0. Yakiheshimiwa bao linapoingia, yaheshimiwe pia linapozuiwa.

Wapo wanaobisha, kiungo Xabi Alonso akiwa miongoni mwao, kwamba takle ni njia ya mwisho, si kipaji cha kujivunia. Ni kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta unapoanguka, hotuba juu ya ufa haimwokoi aliye chini yake. Tarehe 30 Januari 2000, katika fainali ya futiboli ya Marekani, Mike Jones wa St. Louis Rams alimnasa mpinzani Kevin Dyson miguuni, muda ukiisha, yadi 1 tu kabla ya mstari wa goli. Rams walishinda 23-16, na hakuna aliyewataka warudishe kombe kwa sababu ulinzi wao ulichelewa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba takle huvunja miguu. Hapo sheria imekwisha kuchambua: mwaka 2024 Wamarekani, katika ligi yao kuu ya futiboli, walipiga marufuku kumdondokea mtu miguuni kwa uzito wa nyonga, na katika soka, tangu 2016, beki anayeufuata mpira kwa dhati ndani ya eneo la hatari, akazuia nafasi ya wazi ya bao na kusababisha penalti, hupewa kadi ya njano badala ya nyekundu. Mvunja miguu aadhibiwe. Mlipa madeni asichanganywe naye. Na anayeendelea kuidharau takle ya mwisho, aanze yeye kurudi kukaba.