Kabati Langu Limekuwa Rampu

Nilinunua plaiwudi ya milimita 18 ya kutengenezea kabati la jikoni, kabati ambalo mama watoto analiomba tangu Idi ile si hii. Fundi akasema Jumatatu. Fundi ni fundi: Jumatatu ikapita, ikaja ya pili, plaiwudi yangu imeegemea ukuta wa uani, inapigwa jua.

Jumamosi natoka kwenda kunyoa, naikuta mtaani. Imelazwa kwa mshazari juu ya matofali sita (nayo nayatambua), imegongelewa misumari ya inchi nne, na vijana wanapokezana kuipanda kwa skeitibodi moja. Wanapaa, wanaanguka, wanapongezana.

"Shikamoo mjomba! Hii ni rampu."

"Marahaba. Hili ni kabati."

Nilitegemea aibu, nikapewa darasa. Mwenye skeitibodi, kijana asiyekumbuka hata siku aliyoazima pampu yangu ya baiskeli, ana tarehe zote za rampu kichwani. Mwaka 1975, anasema, vijana wa Encinitas, California, walikuwa wakisafiri mpaka jangwa la Arizona kuteleza ndani ya mabomba ya maji yenye kipenyo cha mita 7 na ushee. Mmoja wao, Tom Stewart, safari zikamchosha. Akamwendea kaka yake, msanifu majengo, wakapanga ramani, akajenga kwa mbao kitu kama bomba lililopasuliwa katikati, mbele ya nyumba yake. Waandishi wa habari wakamjia mbio, na baadaye akawa anauza ramani.

Mbele ya nyumba yake, nikamwambia. Mimi hii ni mbele ya nyumba yangu, kwa plaiwudi yangu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsubiri mzee amalize kukohoa.

Akahamia Norway. Huko serikali ilipiga marufuku skeitibodi kuanzia 1978 hadi 1989, vijana wakaenda kujenga rampu msituni kwa kujificha. Yeye aliona ushujaa. Mimi niliona miaka kumi na moja ya mtaa kutulia. Msitu hata sisi tunao, Pugu si mbali, na nauli ningewachangia.

"Acha huko mbali mjomba, hapa Kampala tu! Kitintale, mwaka 2006, vijana walijijengea uwanja wao kwa mikono. Hawakusubiri serikali. Na si kwa mbao, kwa zege."

Alipotamka zege, macho yake yalinipita begani yakatua barazani kwangu, kwenye mifuko miwili ya saruji. Sikunyoa siku hiyo. Niliingiza mifuko yote chumbani, na tangu hapo tunalala nayo. Mama watoto anapiga chafya usiku kucha na kila chafya ina jina langu.

Fundi amekuja jana. Nikampeleka nje aone unyama waliolifanyia kabati. Akainama, akapapasa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, nikajua leo nimepata shahidi.

"Wamekosea," akasema. "Hapa katikati inabonyea. Inataka mhimili."

Akaomba nyundo yangu. Saa nzima amepiga magoti barabarani, ananyoosha, anaongeza mbao, vijana wamemzunguka wanamwita injinia. Fedha hakudai hata senti.

Kabati, kasema, Jumatatu.