Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Kalamu

Kwa Mheshimiwa Mwenye Kalamu,
Ofisi yoyote inayohusika,
Bukoba Mjini na Muleba,
Kagera.

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU MITI YA UMMA ISIYO NA MWENYEWE

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa kutotaja cheo chako kamili. Si utovu wa adabu, Mheshimiwa. Ni kuogopa kumvunjia heshima mkubwa mwingine. Mti uliosimama kando ya barabara kuu umo ndani ya hifadhi ya barabara, hivyo ni mgeni wa TANROADS. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, unapokewa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Ukiwa kwenye bustani au uwanja wa wazi, ni wa halmashauri. Tawi lake likigusa waya, hilo ni shauri la TANESCO. Mzizi wake ukilikumba bomba, wenye maji wana neno. Na ukishakuwa gogo juu ya lori, TFS, wakala wa misitu, watataka kuona hati. Mti mmoja una wakubwa wengi kiasi hicho, lakini mwenye kuamka asubuhi kwa ajili ya afya yake hana jina. Ndiyo maana nimemwandikia Mwenye Kalamu, nikiamini kwamba kalamu ipo.

Pili, naomba nikupongeze kwa dhati kwa upandaji. Kila 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tunakuona umevaa buti mpya, umeshika mche kwa mikono miwili. Tunapiga makofi kwa moyo mmoja, maana tunajua ugumu wa kazi yenyewe: shimo lilichimbwa tangu jana. Tunalijua pia lengo la Taifa la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nimepiga hesabu kidogo, kwa ruhusa yako. Manispaa ya Bukoba ina ukubwa wa kilomita za mraba 80 hivi. Miche yote ya miaka kumi ingeshika, leo tungekuwa na mti mmoja kwa kila mita tano za mraba, na mashabiki wa Kagera Sugar wangehitaji panga ili kufika uwanja wa Kaitaba. Kwa kuwa bado tunafika Kaitaba bila panga, kuna jambo linaloipata miche hiyo baada ya picha kupigwa. Mbuzi, Mheshimiwa, hasomi ratiba ya sherehe. Huja siku ya pili.

Tatu, naomba kukukumbusha jambo unalolijua kuliko mimi. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Maji hayo hushuka kutoka vilimani, huingia Mto Kanoni, na mto hupita katikati ya makazi yetu kabla ya kufika ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mizizi mlimani hupunguza kasi ya maji, na majani hupokea matone kabla hayajaichapa ardhi. Mti ukiondoka, kazi yake huachiwa mfereji, na mfereji nao una takataka zake.

Nne, na hapa naomba nizungumze kama mtoto wa kibanja, shamba letu la migomba la nyumbani. Elimu ya kukaa na miti mahali palipobanana hatuhitaji kuiagiza. Ingia kibanja chochote kilichotunzwa, Kamachumu au Nshamba, utakuta migomba, kahawa na maharage vimejipanga chini ya miti ya omutoma, omuhumula na omushambya. Mzee mwenye kibanja anajua tawi lipi litoke ili kahawa ipate mwanga, na lipi libaki ili isiungue. Wazee wa ukanda huu walikuwa wakiuvua omutoma gamba lake ili watengeneze nguo ya lubugo, kisha wakalifunga shina kwa majani ya mgomba mpaka gamba jipya likaota. Waliutoa mti nguo mwilini ukabaki hai. Sisi tunaokaa mjini tunashindwa kuutoa tawi moja ukabaki hai.

Omuhumula nao una heshima zake. Wataalamu wa mimea wanauita Maesopsis eminii, kwa jina la Emin Pasha, yule yule aliyefungua kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890. Ulipandwa Amani, kule Usambara, na ukapenda makazi hayo mapya kiasi kwamba wahifadhi wa huko wanahangaika kuuzuia usiumeze msitu wa asili. Kumbe ni mti usio na makuu: ukipewa nafasi, unakua. Wenzetu wanatafuta namna ya kuupunguza, na sisi kwao kabisa tunaupunguza bila hata kutafuta.

Naomba sasa nieleze kwa upole jinsi mti wa mjini unavyokufa, kwa kuwa kifo chake hakitokani na msumeno peke yake. Kwanza hupigwa misumari ya matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga. Kisha anakuja fundi wa kusakafia, anaumwagia saruji hadi shingoni, na mvua yote hii tuliyojaliwa inapita juu bila kuufikia mzizi. Mwingine anachoma taka chini yake. Halafu unakatwa kichwa kwa ajili ya waya. Mti uliokatwa kichwa huchipua vijiti vingi kwa haraka, lakini vijiti hivyo hushikilia juu juu tu. Baada ya miaka michache upepo wa ziwani huviangusha, na hapo tunaambiwa mti ni hatari, uondolewe. Tumeutengeneza ugonjwa wenyewe, kisha tukauhukumu kwa kuumwa. Akitangazwa mgeni mkubwa, shina hupakwa chokaa, nasi tunaona mji umependeza.

Sisemi miti isikatwe, Mheshimiwa. Mkaratusi mzee uliooza ndani na kuegemea darasa la watoto lazima utoke, tena leo. Ombi langu ni kwamba atakayesema umeoza awe ameukagua, na aweke jina lake chini ya maneno hayo.

Majirani zetu Wakenya walitupa somo mwaka 2020. Mtini mkubwa, mugumo wa miaka kama mia, ulikuwa ung'olewe pale Waiyaki Way, Nairobi, kupisha barabara ya juu. Watu walipaza sauti hadi Rais Uhuru Kenyatta akatoa tamko la kuulinda, na barabara ikajengwa na mti ukabaki. Nafurahi kwa ajili yao. Hata hivyo, mti unaohitaji sahihi ya Rais ili uishi ni mti uliokosa mlezi wa kawaida. Shamba la miti la Rubare lina meneja wake na msitu wa Minziro kule Missenyi una mhifadhi. Mti wa mtaani Kashai hauna hata mjumbe wa nyumba kumi.

Kwa heshima hiyo, naomba mambo manne tu, yasiyohitaji mfadhili.

Moja, daftari la miti ya umma. Kila mti uandikwe namba, aina, unene wa shina, hali yake na mahali ulipo. Wanafunzi wa shule za Ihungo na Rugambwa wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa utepe wa fundi cherehani.

Mbili, ofisi moja ya kujibu. TANESCO, TARURA na wengine waendelee na kazi zao, ila asiguse mtu mti kabla ofisi hiyo haijaandika ndiyo.

Tatu, tangazo la siku 14 lifungwe kwenye shina kabla ya kukata, likieleza sababu na jina la aliyeidhinisha. Lifungwe kwa kamba, si kwa msumari.

Nne, kila mche ukabidhiwe mlezi anayeonekana. Vijana wa bodaboda, mafundi viatu na mama lishe ndio wenye kazi chini ya kivuli; wapewe mche mbele ya kijiwe chao, na mwakani tuhesabu iliyo hai badala ya iliyopandwa.

Kwa Muleba ombi ni jepesi zaidi, kwa sababu mji bado unakua kando ya barabara kuu. Nafasi ya miti ichorwe kwenye ramani kabla viwanja havijauzwa. Baada ya hapo kila mita itakuwa na hati, na hati haioti majani.

Mheshimiwa, sitarajii unijibu kwa barua. Jibu liwe jina moja tu, lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo, la mtu tutakayemuuliza mti ukianguka na tutakayemshukuru ukisimama.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwananchi anayesubiri basi la Muleba, kivulini.

Nakala: Mwenye msumeno. Kwa taarifa, na tafadhali asubiri majibu.